Mteremko wa Siku ya Posa

Yai lilikuwa bichi. Mwenye nyumba alilitoa kwenye kikunjo cha kitenge chake, akaliweka katikati ya ua wake mpya taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, kisha akarudi nyuma na kushika kiuno.

"Madamu, angalia. Ata ukikaa hapa mpaka jioni, haitatembea."

Na kweli halikutembea. Nilichuchumaa nikalitazama kwa heshima, kwa sababu ni nadra mtu kunionyesha kosa lake kwa ushahidi mzuri kiasi kile.

"Limetulia sana," nikamwambia. "Na mvua ikinyesha, maji nayo yatatulia hapo hapo."

"Bon. Yatulie. Jua itayakausha."

"Juzi hayakusubiri jua. Yalishuka kwa jirani."

"Jirani," akasema, na akageuka kulitazama ziwa, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa.

Nafanya kazi katika ofisi ya ujenzi hapa Gisenyi. Natembelea viwanja kuangalia ardhi imesawazishwaje, maji ya mvua yanaelekea wapi, udongo uliochimbwa umelala wapi na taa za nje zinamulika nini. Watu wakiniona na mpira wangu wa maji wa kupimia usawa begani hudhani nimekuja kukataza. Mara nyingi nimekuja kueleza tu, na ninachoeleza ni mambo wanayoyajua tangu utoto, walipokuwa wakijenga mabwawa ya matope njiani. Ni saruji inayowasahaulisha.

Mama huyu ni mjane. Anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na wateja wake wengi wanavuka mpaka kutoka Goma, upande wa Kongo. Nyumba yake ameijenga kidogo kidogo kwenye mteremko, ukishapita mtaa wa Mbugangari na kuanza kupanda. Binti yake wa kwanza alikuwa amepata mchumba, kijana wa familia ya wafugaji na wakulima wa viazi kutoka Mudende, na Jumamosi iliyokuwa inakuja familia hiyo ingefika kuposa. Kwetu posa ni sherehe kubwa: familia mbili hukaa chini ya mahema mawili yanayotazamana, kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao hutaniana nusu siku nzima kabla msichana hajatolewa nje.

Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuwa amejitolea ua wake wa kule chini mjini, wenye bustani ya majani na nafasi ya magari. Ukoo wote ulishukuru. Mama naye alishukuru, halafu akaendelea kujenga.

"Tulikuwa na chumba moja tu," aliniambia, akionyesha kwa kidevu mahali penye yai. "Ilikuwa hapa. Nilimulelea hapa. Donc waje bamuombe hapa."

Sasa niseme kosa lilikuwa wapi, maana ni kosa la mtu mwerevu.

Mji wetu umekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Ardhi hiyo inakunywa maji. Mwaga ndoo kwenye mchanga wetu mweusi, na kabla hujaiweka ndoo chini maji yameshazama. Lakini vumbi lake ni jeusi, na mama alifikiria mishanana, yale mavazi mepesi marefu ya sherehe, yakiburuzwa na wageni kwenye vumbi hilo. Kwa hiyo akaagiza udongo mwekundu wa mfinyanzi kutoka mlimani, akautandaza juu ya ule mweusi, akaumwagilia na kuushindilia mpaka ukang'aa. Mungu alimpa chujio, yeye akalipiga plasta.

Halafu akaulaza sawasawa, bila mwinamo hata kidogo. Sababu yake ilikuwa sherehe moja aliyohudhuria zamani, ambako hema la upande wa mwanamume lilisimama sehemu ya juu ya ua. Msemaji wao alitania siku nzima. "Huko bondeni, mnatusikia?" "Huko bondeni, mvua imeshanyesha?" Watu walicheka, na mama wa msichana naye alicheka, lakini muuza sambaza wetu aliuona mdomo wa mama yule ukitetemeka. Akaapa kwamba mtoto wake hataombwa na mtu aliyeketi juu yake.

Niliyaandika maelezo hayo moyoni tu, kwa sababu fomu zetu hazina nafasi ya mambo kama hayo.

Aliyemshtaki alikuwa jirani wa chini, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda, ambaye mtaa mzima unamwita Afande. Tulipokuwa bado tunalitazama yai, akapanda ngazi za mawe akiwa amevaa kandambili na koti la mvua, ingawa jua lilikuwa kali.

"Sikiza, dada," akaniambia. "Mimi sina ugomvi na huyu mama. Jumamosi mimi ndiye msemaji wake."

Nilidhani sikuelewa. "Wewe ndiye uliyeleta malalamiko ofisini?"

"Ndiyo."

"Na ndiye utakayesema kwa niaba yake kwenye posa?"

"Hizo ni kazi mbili. Jumamosi namtetea. Leo namshtaki."

"Ana mudomo mbili," mama akanieleza, bila chuki yoyote. "Njo maana nilimuchagua."

Twende ukutani, akasema Afande, na tukaenda. Mpakani mwa viwanja vyao kuna ukuta wa mawe meusi unaoshikilia ardhi ya juu isimwangukie mtu wa chini. Mama alikuwa amerundika udongo wote uliochimbwa msingini nyuma ya ukuta huo, bila kuufunika. Maji ya mvua yaliyokosa njia katika ua yalijikusanya, yakafika ukingoni, yakaingia kwenye rundo na kulifanya uji. Uji una uzito. Ukuta ulikuwa umeanza kutoa tumbo, na kuta huwa hazitoi tumbo kwa sababu ya raha. Upande wa pili, tope lilikuwa limeshafika kwenye banda la kuku wa Afande.

"Na hiyo taa," akasema, akinyoosha kidole juu.

Pembeni mwa paa kulikuwa na taa kubwa, ile wanayoiita projekta, imeelekezwa ziwani kama inatafuta wavuvi waliopotea. Njiani kwenda ziwani mwanga wake ulipitia dirisha la chumba cha Afande.

"Jogoo wangu anawika saa tatu usiku. Mimi nikilala, naota niko lindoni. Nimestaafu, dada. Nimeshalinda vya kutosha."

"Taa ni ya wezi," mama akasema.

"Basi imulike wezi! Mimi naiba nini nikiwa kitandani?"

Nililazimika kusema nililokuja kusema, na nililisema polepole. Watu wengi, mahema, na ngoma za wachezaji, vyote juu ya ukuta ulioanza kuvimba: hapana. Hakuna mkusanyiko katika ua huu mpaka rundo liondolewe na maji yapewe njia. Nikaona uso wa mama ukifungwa kama duka. Wakati huo huo simu yake ikalia, na alikuwa shemeji. Sauti ilikuwa kubwa, sote tulisikia. Alitaka kujua kama wapeleke mahema kwake, kwa sababu alikuwa ameshakata majani, na je, huko kwenu juu magari yatageuzia wapi?

"Nitakupigia," mama akasema, akaizima. Akaokota yai lake. Hakulia. Aliniuliza tu kama Jumamosi bado inawezekana, na nikamwambia inawezekana kama tutakubaliana leo.

Nikamweleza mteremko. Si mkubwa, nilisema. Kwa kila mita unayotoka kwenye ukuta wa nyumba, ardhi ishuke kiasi cha upana wa kidole gumba. Jicho halioni, kiti hakiyumbi, lakini maji yanajua. Yakitoka kwenye nyumba yanaongozwa hadi mfereji mdogo kule chini, mfereji unayapeleka kwenye shimo lililojazwa mawe, shimo linayanywa, na yakizidi yanatoka kwenda kwenye rigoli, ule mfereji wa kando ya barabara. Mwenye kiwanja ndiye anayeyatafutia maji yake njia. Haruhusiwi kumpa jirani zawadi hiyo.

"Unasema muzuri, kama redio," mama akasema. Mimi nilikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili changu kinawachekesha watu wa hapa. "Lakini redio haikae kwa hema. Hema moja itakuwa kwa mulango wa nyumba, ingine kwa ukuta. Ukiinamisha, hao ba kwa mulango batakuwa juu, na hao ba kwa ukuta batakuwa bondeni."

"Ni upana wa kidole kwa mita."

"Bondeni ni bondeni."

Nikamgeukia Afande, nikitegemea msaada wa mtu anayetaka maji yaondoke. Alikuwa ameshakunja mikono.

"Hapo yuko sawa," akasema. "Msemaji akikaa chini ameshindwa kabla hajafungua mdomo. Mimi sitasemea bondeni."

"Afande, ni wewe uliyekuja ofisini kudai maji yaondolewe."

"Yaondolewe. Lakini mimi nibaki juu."

"Basi wageni wakae chini."

"Na sisi tutukane wageni?" Alishangaa kweli kweli. "Watu wa Mudende wanatuletea ng'ombe, halafu tuwakalishe shimoni?"

Kwa hiyo mshtaki na mshtakiwa walikuwa wameungana, na tuliobaki upande wa pili tulikuwa mimi na nguvu ya uvutano ya dunia. Nimezoea. Katika kazi hii mtu akikukatalia, mara nyingi anakuonyesha kipimo ambacho hukukijua. Nikakaa kwenye tofali, nikauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: ni nani alisema hema moja liwe mlangoni na lingine ukutani?

Wakatazamana.

"Ni desturi?" nikauliza.

"Desturi ni kutazamana," Afande akasema.

"Mi nilifikiria tu," mama akasema. "Hakuna mutu aliniambia."

Nikachukua kijiti nikachora ua kwenye udongo. Nyumba juu, ukuta chini. Halafu badala ya kuweka hema moja juu na jingine chini, nikaweka moja kulia na jingine kushoto, na katikati yao njia pana inayotoka mlangoni na kushuka. Mteremko unafuata njia hiyo. Yule aliyekaa kulia na yule anayemkabili kushoto wako kwenye mstari mmoja wa usawa, kama watu wawili waliosimama kwenye ngazi moja wakitazamana, ingawa ngazi zenyewe zinashuka. Maji nayo yanapita katikati, hayamgusi mtu.

Mama aliuzunguka mchoro mara mbili. Kisha akaenda kuleta viti viwili, akakiweka kimoja kulia na kimoja kushoto, akakaa kwenye kimoja.

"Afande, kaa pale."

Akakaa. Wakatazamana machoni.

"Bado uko juu," mama akasema.

"Mimi ni mrefu, mama. Hilo peleka kwa marehemu baba yangu."

Ilibidi niufungue mpira wangu. Ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejaa maji, na siri yake ni moja: ukishika ncha mbili, maji ya ncha hii na ya ncha ile yatasimama kimo kimoja hata kama katikati mpira umejiviringisha namna gani. Nikampa mama ncha moja aishike kwenye kiti chake, nyingine nikaishika kwenye kiti cha Afande. Maji yakacheza, yakapungua kucheza, yakatulia. Mama akachungulia yake, akavuka akachungulia ya Afande, akarudi kwake. Nilimwacha avuke mara nyingi alivyotaka. Mtu akiona kwa macho yake, mimi sina haja ya kurudia.

"Eeeh," akasema hatimaye. "Yanasema ukweli, haya maji."

Kazi ilianza kesho yake, na ilifanywa na wauza sambaza wenzake. Kila asubuhi wakishauza, walipanda mteremko na mabeseni yao ya plastiki, yale yale ya samaki, wakachota udongo wa lile rundo na kuusogeza. Wanaume wawili wa sululu walichimba ule udongo mwekundu uliong'aa, na mama aliwasimamia kama anavuliwa nguo. Katikati ya njia, pale maji yatakapopita, tuliuondoa kabisa na kuuacha mchanga mweusi ukae wazi na kokoto juu yake. Chini ya mahema tuliubakiza mwekundu, kwa ajili ya mishanana. Udongo uliobaki tuliujaza kwenye magunia, tukayapanga kwa ngazi nyuma ya ukuta, mbali kidogo, na katikati ya magunia wanawake wakapandikiza nyasi ili mizizi ishike. Sehemu iliyovimba ya ukuta mafundi waliibomoa na kuipanga upya, wakiacha matundu ya maji kupumulia.

Kitu kimoja hakimo katika kanuni zetu. Udongo uliobebwa kwenye mabeseni ya sambaza unanukia sambaza. Kufikia katikati ya wiki paka wa mtaa mzima walikuwa wamehamia, wanachimba magunia kwa bidii kuliko vibarua. Wanawake waliwafukuza kwa kandambili na kuwapa jina la maofisa wa ukaguzi wenzangu, huku wakinitazama mimi.

"Madamu, hawa ba-collègue yako balikuja mapema leo."

"Wamekuta kosa gani?" nikauliza.

"Banasema samaki haitoshi."

Taa ilikuwa rahisi. Fundi alikata bati, akalikunja likawa kofia, akaivalisha projekta na kuiinamisha itazame ngazi na mlango. Mama alilalamika kwamba sasa ziwa haliioni nyumba yake. Nikamwambia ziwa limekuwepo bila taa yake na limeendelea vizuri. Lakini jioni alipoona ngazi zake zote zimeng'aa hadi ya mwisho, akakiri kwamba zamani alikuwa akimulika Kongo nzima huku mwenyewe akijikwaa mlangoni. Afande aliniarifu kwamba jogoo amerudia saa zake.

Ijumaa nilipita na mpira wangu mara ya mwisho. Nilimwaga ndoo mbele ya mlango. Maji yalisita kidogo, kama mgeni asiyejua avue viatu, kisha yakashuka katikati, mengi yakazama njiani na machache yakafika kwenye mfereji. Nikamwambia zuio limeondoka. Alimpigia shemeji papo hapo, akamshukuru sana kwa majani aliyoyakata, na kumwomba alete viti.

Nilialikwa, kwa hiyo nilikaa upande wa wenyeji, safu ya nyuma. Ilikuwa Novemba, na mawingu ya Novemba hayana adabu ya kusubiri. Watu wa Mudende walifika wamevaa vizuri, wakakaa kushoto. Msemaji wao, mzee mwembamba mwenye fimbo, aliutazama ua, akauliza kwa nini wenyeji wamewakalisha pembeni kama watu wanaogombana na nyumba.

"Tumewakalisha mahali tunapowaona sawasawa," Afande akajibu. Walisema kwa Kinyarwanda, nami nakiweka hapa kama ninavyokikumbuka. "Na kwa kuwa tunawaona, tungependa kujua mmepotea njia au mnauza viazi."

Ua ulicheka pande zote mbili. Walikuwa bado kwenye viazi mvua iliposhuka. Ilishuka kama inavyoshuka hapa, bila kubisha hodi, na turubai zikaanza kupiga kelele. Nikaona wageni wote wa mstari wa mbele, wanaume kwa wanawake, wakinyanyua miguu kwa pamoja na kukusanya nguo magotini. Ni mazoea. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye hema la sherehe anajua kinachofuata.

Hakikufuata. Maji yalitoka chini ya ukingo wa paa, yakaingia kwenye njia ya katikati, yakapita kati ya familia mbili juu ya kokoto na kushuka mferejini. Miguu ilibaki hewani kwa muda, halafu mmoja mmoja wakaishusha, wakijifanya walikuwa wananyoosha magoti.

"Ndugu zetu," msemaji wa Mudende akapaza sauti kuishinda mvua, "sisi kwetu tunalima kwenye milima, tunaujua mto tukiuona. Kwa nini mmetuwekea mto kati yetu na binti?"

Afande akasimama. Niliogopa kidogo, kwa sababu mtu huyu anaweza kumshtaki mtu yeyote wakati wowote.

"Mto huu," akasema, "umepimwa na serikali. Kulia hauko juu, kushoto hauko chini. Anayetaka binti wetu atavuka akiwa sawa na sisi, na atatoka na viatu vikavu. Kama kwenu mnao wa namna hii, tuonyesheni."

Mzee wa Mudende aliangalia viatu vyake. Alikuwa amesimama ukingoni kabisa, na vilikuwa vikavu. Akawageukia watu wake, akatikisa kichwa kama mtu aliyefungwa bao zuri, kisha akavuka na kumpa Afande mkono katikati ya mvua. Makofi yalikuwa makubwa kuliko kelele za turubai.

Baada ya hapo maneno yakaenda haraka. Ng'ombe walitajwa, wakasifiwa, wakakubaliwa. Mvua ilipungua ikawa manyunyu, ngoma zikaanza ndani ya nyumba, na binti akatoka mlangoni na wasindikizaji wake, amevaa rangi ya machungwa, uso umeinama kama inavyotakiwa. Watu wote walisimama. Simu zote zikainuliwa.

Mama yake hakusimama. Alikuwa ameinama kwenye kiti, viwiko magotini, anatazama mwisho wa njia, pale mfereji unapopinda kuelekea shimo la mawe. Maji yalikuwa yanapinda vizuri sana. Aliyafuatilia kwa kichwa kutoka mlangoni hadi pembeni, halafu akarudi mlangoni kuanza upya, akitabasamu peke yake.

Wasindikizaji wakafika mbele yake, wakasimama. Mama akasogea kidogo pembeni ili wasimzibie maji.

Binti akainua uso, kinyume cha mafundisho yote aliyopewa wiki nzima.

"Mama," akasema. "Mama, mi niko huku."

Mama akamwona. Akainuka kwa haraka mpaka kiti kikaanguka, akamshika mtoto wake mabega yote mawili na kumtazama juu mpaka chini, kama vile amefika sasa hivi kutoka safari ya mbali.

"Nakuona," akamwambia. "Pita. Iko pakavu."